Chumba cha Mwisho cha Makumbusho: Kuchagua na Kupanga Bidhaa za Duka la Kumbukumbu



Somo la robo hii linatokana na maswali ambayo ofisi ya miradi imekuwa ikiyapokea. Sharika zenye nyumba za zamani za misheni zinatamani kuzifanya makumbusho madogo: chumba kimoja cha kengele ya kwanza na vitabu vya kwanza vya shule, chumba kingine cha zana za kilimo, ususi na ufinyanzi. Kazi hiyo ni njema. Lakini kamati ikifika kwenye kifungu cha mapato, mara nyingi mjumbe mmoja husema, "Tutafungua duka la zawadi, wageni watanunua," kisha ajenda inafungwa. Somo hili linahusu yale yanayotakiwa kujadiliwa kabla ajenda hiyo haijafungwa.

KIKAPU KILICHORUDISHWA

Naanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuanzisha duka la namna hiyo katika Nyanda za Juu Kusini. Siku moja, msimu wa mvua ukikaribia, mama mmoja mzee wa kikundi cha wasusi alifika ofisini na vikapu vitatu vya milulu. Vilikuwa vyake. Alikuwa ametuletea kwa mali kauli, yaani tumlipe vikishauzwa, na baada ya miezi minane mhudumu wa duka alimrudishia. Upande uliotazama dirisha ulikuwa umepauka kwa jua. Upande wa pili ulikuwa bado na rangi yake.

Akaniambia, "Mwanangu, mlichukua vikapu vipya, mmenirudishia vizee. Ningevipeleka mnadani Jumapili, saa hizi mbolea ingekuwa nyumbani."

Sikuwa na jibu. Tulimlipa, lakini walikuwepo wenzake kumi na mmoja ambao vikapu vyao vilikuwa bado dukani, nao walikuwa wakisubiri mbolea ileile. Nikaenda kuliangalia duka kana kwamba mimi ni mgeni. Mbele ya mlango kulikuwa na shelfu iliyojaa twiga wa mbao, picha za Tingatinga na vibanio vya funguo, vyote vikiwa vimenunuliwa kwa jumla mjini kwa fedha za kuanzishia mradi. Vikapu vya akina mama vilikuwa vimerundikwa sakafuni, chini ya dirisha.

Mhudumu alinieleza kuwa wiki iliyotangulia mgeni mmoja alizunguka duka lote kisha akamwuliza, "Kipi kati ya hivi kimetengenezwa hapa?" Naye, kwa aibu, akamwonyesha sakafuni. Mgeni akainama, akashika kikapu kilichopauka, akakirudisha, akaaga.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kilichofichwa hakiwezi kujiuza. Vikapu vile vilikuwa vyema. Sisi ndio tulioshindwa kuchagua, na tukashindwa kupanga.

JAMBO KUU LA SOMO HILI

Mgeni akimaliza vyumba vya maonyesho, duka ndilo chumba cha mwisho anachoingia. Kwa hiyo duka ni sehemu ya makumbusho. Kitu kinachostahili kukaa humo ni kile kinachoendeleza habari aliyotoka kuisikia, na ambacho tunaweza kumwambia bila kusita kimetengenezwa na nani na kwamba aliyekitengeneza amelipwa. Mengine yote katika somo hili ni matawi ya shina hilo.

Wenzetu wa fani hii nao wanasisitiza jambo linalofanana. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM), zilizopitishwa mwaka 1986 na kurekebishwa mwaka 2004, zinataka shughuli za kuingiza mapato zisishushe hadhi ya makumbusho wala kuwaumiza wananchi wanaoyatembelea. Duka linaweza kuleta fedha na bado likawa limeidhuru taasisi iliyolizaa.

KUCHAGUA: MASWALI MATANO

Kila bidhaa inayoletwa mezani, kamati ijiulize maswali matano yafuatayo. Isipopita hata moja, isinunuliwe, hata kama ni ya bei rahisi na hata kama mwenye nayo ni ndugu wa mjumbe.

1. Je, inahusiana na kile tunachokionyesha?

Sina ugomvi na picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianzisha uchoraji huo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wenzake na wanafunzi wao wakauendeleza mpaka ukajulikana duniani. Makumbusho yenye habari hiyo yana haki ya kuziuza. Makumbusho yetu hayakuwa na habari hiyo. Yalikuwa na kikapu cha zamani cha kuchekechea unga, na habari ya wanawake waliovuna milulu kwenye maeneo ya majimaji, wakaikausha na kuisuka. Kwa hiyo kikapu ndicho kilichostahili shelfu ya mbele.

Tembeeni ndani ya makumbusho yenu na daftari. Katika kila chumba andikeni kitu ambacho wageni husimama na kukitazama kwa muda mrefu. Halafu ulizeni: ni kitu gani kidogo mgeni anaweza kwenda nacho nyumbani kitakachomkumbusha hiki? Pengine ni kikapu chenye umbo hilohilo kwa kipimo kidogo. Pengine ni postikadi ya kengele, au kijitabu cha kurasa chache chenye historia ya usharika. Kijitabu hicho kisidharauliwe. Hakipatikani duka lingine lolote duniani.

2. Je, tunamfahamu aliyeitengeneza?

Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts cha Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache, wakitengeneza karatasi, zikiwemo zile zinazotokana na kinyesi cha tembo. Wageni walikuwa wakiingia kwanza kwenye karakana na kuwaona mafundi wenye ulemavu wakifuma na kushona, kisha ndipo wakaingia dukani. Mgeni aliyeuona mkono wa fundi hana haja ya kushawishiwa. Nasi tuna mafundi vijijini mwetu. Tunachokosa ni kumpa mgeni nafasi ya kuwafahamu.

Kama hamwezi kumleta fundi makumbusho kila siku, mwombeni aje siku moja kwa wiki, hasa siku ambazo vikundi vya wageni na wanafunzi hufika. Akisuka mlangoni, wageni watasimama. Alipwe kwa siku hiyo, hata kama hakuna kilichouzwa.

3. Je, inasafiri?

Mgeni wa mbali ana begi moja. Akipanda ndege ndogo za ndani, mara nyingi mizigo yake inapimwa kwa kilo 15 hadi 20 tu. Chungu cha Wakisi wa Ziwa Nyasa ni kazi nzuri inayofahamika kusini kote, lakini chungu kikubwa kitampendeza mgeni na kumshinda kubeba. Waombeni wafinyanzi watengeneze vidogo vya kuenea kiganjani, na muandae majani makavu na boksi la kadibodi la kukifungia.

Asali nayo ina mtego wake. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimekuwa vikizuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi, na asali huhesabiwa humo. Uzeni chupa ndogo, au mumkumbushe mgeni aiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua kwa ukali mbao, mbegu na ngozi zinazoingia. Kinyago chenye matundu ya wadudu kinaweza kutaifishwa uwanjani, na mgeni wetu atakumbuka hasara kuliko makumbusho.

4. Je, ni halali, na ni ya heshima?

Hapa pana hatari zaidi, kwa hiyo tuwe makini.

Kwanza, vitu vya kale. Wakati fulani mwananchi ataleta kigoda cha babu yake au ngao ya zamani na kuomba duka limwuzie. Jibu liwe hapana. Uuzaji na upelekaji nje wa vitu vya kale unadhibitiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake ya 1979. Aidha, kanuni za ICOM zinawataka watumishi wa makumbusho wasijihusishe na biashara ya urithi wa utamaduni, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kama kitu hicho kina thamani kwa historia, mshaurini mwenyewe akikabidhi au akiazime kwa makumbusho kwa maandishi. Makumbusho yakianza kuuza vitu vya kale, hakuna mzee atakayeyaamini tena na urithi wake.

Pili, mali za wanyama na miti. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi na meno ya wanyama pori visiingie dukani kabisa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa mkataba wa CITES mwaka 1989. Mpingo nao umo katika orodha ya mkataba huo tangu Januari 2017, ambako jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa chini ya udhibiti. Vinyago vya mpingo havikukatazwa, lakini nunueni kwa mafundi wenye kibali cha mbao, mtunze stakabadhi, na muulize ofisi ya misitu kabla ya kuuza kwa wingi kwa mtu anayesafirisha.

Tatu, udanganyifu. Wengi tunafahamu mbao nyeupe iliyosuguliwa kiwi nyeusi ya viatu na kuitwa mpingo. Kwaruzeni chini ya kinyago, mahali pasipoonekana, au mkitie majini: mpingo ni mzito na huzama. Ikiwa ni mbao nyingine, iuzeni kwa jina lake halisi. Maandiko yanatukataza mizani ya uongo, na lebo ya uongo ni mizani ya uongo.

Nne, heshima. Si kila kinachovutia macho kinafaa kugeuzwa bidhaa. Pale Kalenga, karibu na Iringa, limehifadhiwa fuvu la Chifu Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wageni wengi huenda kuliona. Hebu fikirini kibanio cha funguo chenye umbo la fuvu hilo. Kingenunuliwa, bila shaka. Lakini hayo ni mabaki ya mtu, na wajukuu zake wapo. Kipimo chetu kiwe hiki: je, tungeweza kukiuza kitu hiki mwenye habari yake akiwa amesimama kando yetu? Hali kadhalika picha za watu kwenye postikadi: ombeni ridhaa ya mhusika au familia yake kwa maandishi, na muwape nakala.

5. Je, kuna mfuko wa kila mgeni?

Kamati nyingi hufikiri wageni ni Wazungu pekee. Hesabuni daftari lenu la wageni. Katika makumbusho mengi madogo, wanafunzi na Wakristo wa sharika jirani ni sehemu kubwa. Mtoto wa shule aliyepewa shilingi elfu moja naye anataka kwenda nyumbani na kitu. Mwekeeni penseli yenye jina la makumbusho, postikadi, au kikapu kidogo cha mapambo. Kisha pawepo bidhaa za bei ya kati, na chache za bei kubwa. Mtoto anayeondoka na penseli leo ndiye atakayewaleta watoto wake kesho.

Ongezeni neno moja kuhusu vyakula. Majani ya chai, kahawa na asali ya eneo lenu ni zawadi nzuri, lakini chakula kilichofungashwa kinatakiwa kufuata taratibu za Shirika la Viwango (TBS). Vikundi vya wajasiriamali vinaweza kupata ushauri wa ufungashaji kutoka SIDO. Msiuze chupa isiyo na tarehe wala jina la mfungashaji.

BEI NA MALIPO YA FUNDI

Tuchukue mfano wa kikapu kimoja kinachouzwa shilingi 20,000. Kamati inaweza kukubaliana na kikundi hivi: msusi apate 14,000, mshahara wa mhudumu uchangiwe 3,000, kadi na mfuko wa kufungia 1,000, na 2,000 ziende kwenye matunzo ya makumbusho. Kila usharika utakuwa na hesabu yake. Muhimu ni hesabu hiyo iandikwe, isomwe mbele ya kikundi, na isibadilishwe kimyakimya.

Sasa suala la mali kauli. Mpango huu unaipendeza kamati kwa sababu hauhitaji mtaji. Lakini tazameni ni nani anayebeba hasara. Kikapu kikipauka, hasara ni ya mama. Kikiibiwa, tunabishana. Kikikaa miezi minane, ni yeye aliyetukopesha sisi, mradi wenye wafadhili. Maskini anaukopesha mradi uliokuja kumsaidia, tena bila riba. Tangu siku ile ya vikapu vitatu tulikubaliana kununua kwa fedha taslimu siku ya kupokea, hata ikibidi tupokee vichache.

Kununua kwa fedha taslimu kuna faida nyingine: kunaifanya kamati iwe makini. Mtu hachukui ovyo kile alicholipia.

Tena, uchache si umaskini. Tufanye hesabu. Shilingi 280,000 zinanunua vikapu 20 kwa bei ya 14,000. Vikiuzwa ndani ya miezi miwili na fedha ikanunua vingine, kwa mwaka mtaji uleule utazunguka mara sita. Ni vikapu 120. Wasusi watakuwa wamepata 1,680,000 na matunzo ya makumbusho 240,000. Vikikaa mwaka mzima, wasusi wamepata 280,000 tu na makumbusho 40,000. Mtaji ni uleule, vikapu ni vilevile. Kilichotofautiana ni kasi ya kuuzika, na kasi hiyo inatokana na kuchagua vizuri na kupanga vizuri.

KUPANGA: YALE MACHO YANAYOYAONA

Upangaji hauhitaji fedha nyingi. Sisi tulianza na meza mbili, shelfu moja ya seremala wa kijijini, na kitambaa cha rangi moja.

Panga kwa habari, usipange kwa aina. Badala ya kuweka vikapu vyote huku na vitabu vyote kule, tengenezeni meza ya kila chumba cha makumbusho. Meza ya ususi iwe na kikapu, postikadi ya msusi, na kifungu kidogo cha milulu mikavu ambacho mgeni anaruhusiwa kukishika. Meza ya shule ya kwanza iwe na kijitabu, penseli na picha ya darasa la zamani. Mgeni ataitambua meza kwa kuwa ametoka kwenye chumba chake.

Mkabala na mlango pawe mahali pa heshima. Pale mgeni anapotupa jicho la kwanza, wekeni kitu kimoja au viwili vilivyo bora kuliko vyote, vya hapahapa. Msiweke rundo.

Kati ya kiuno na macho. Bidhaa inayoonekana bila kuinama wala kuinua shingo ndiyo inayoshikwa, na kinachoshikwa ndicho kinachonunuliwa. Vitu vya watoto vishuke mpaka usawa wa macho ya watoto. Vinavyovunjika vipande juu. Sakafuni pasiwekwe chochote cha kuuzwa.

Acheni nafasi. Vikapu thelathini vikirundikwa vinaonekana kama mzigo wa sokoni, navyo humfanya mgeni aombe apunguziwe. Vikapu vitano vilivyopangwa vinaonekana kama kazi ya mikono ya watu watano. Vingine vikae stoo, na kimoja kikiuzwa kingine kitoke.

Jua, vumbi na wadudu. Msiweke nyuzi, karatasi wala vitu vilivyotiwa rangi mahali jua linapopiga. Tundikeni pazia jepesi. Futeni vumbi kila asubuhi kabla ya kufungua, na kagueni vinyago na vikapu kila mwezi. Mkiona unga wa mbao chini ya kinyago, kitoeni siku hiyohiyo kabla wadudu hawajahamia kwenye makusanyo ya makumbusho yenyewe.

Bei ionekane. Mgeni wa heshima haulizi bei, huondoka. Lebo ndogo ya karatasi iliyofungwa kwa uzi inatosha. Bei iwe moja kwa mgeni na mwenyeji, na isiandikwe upya mtu anapoingia.

Kadi ya maelezo. Hii ndiyo iliyobadilisha duka letu kuliko kitu kingine. Kila bidhaa ina kadi ya mistari michache, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mfano wa kadi yetu:

"Kikapu cha milulu. Kimesukwa kwa mkono na mama wa kikundi cha ususi cha kijiji jirani. Milulu huvunwa majimajini, hukaushwa, kisha husukwa. Kikapu cha zamani cha namna hii umekiona katika chumba cha pili. Msusi ameshalipwa."

Sentensi ya mwisho ni fupi, lakini usiiandike kama si kweli.

Ufungashaji. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini Tanzania. Tumieni mfuko wa karatasi au wa kitambaa uliopigwa muhuri wa makumbusho. Mfuko wa kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani wa usharika ni ajira nyingine ndogo.

MHUDUMU NA DAFTARI

Mhudumu wa duka asiwe mtu aliyekosa kazi nyingine. Apitishwe kwanza katika vyumba vyote pamoja na mwongoza wageni, mpaka aweze kuvieleza mwenyewe. Aende pia kijijini akakae nusu siku na wasusi. Mhudumu wetu aliyeona aibu kuonyesha sakafuni alirudi kutoka kijijini akiwa na maelezo kuliko mratibu. Alikuwa amejaribu kusuka, akashindwa, na tangu hapo huwaeleza wageni alivyoshindwa. Wageni hucheka, kisha huvigeuzageuza vikapu kwa heshima mpya.

Daftari liwe na safu sita: tarehe ya kupokea, bidhaa, fundi, kiasi alicholipwa na sahihi yake, tarehe ya kuuzwa, na bei. Kila robo mwaka kamati iangalie ni nini hakijatoka kwa miezi mitatu. Kabla ya kumlaumu fundi, hamisheni kitu hicho mahali pengine na muandike kadi upya. Kikiendelea kukaa, mkiuze mnadani baada ya ibada, na mwambieni fundi ukweli ili atengeneze kitu kingine. Msikirudishe kwake. Kimeshakuwa chetu.

Andikeni pia wageni wanachouliza na wasichokipata. Maswali hayo ndiyo ushauri wa masoko usiolipiwa.

MAHALI PA KUJIFUNZA

Kamati ikiweza, ifanye ziara moja ya mafunzo kabla ya kununua chochote. Bujora, karibu na Mwanza, inaonyesha namna parokia ya Kikatoliki ilivyoweza kutunza urithi wa Wasukuma, zikiwemo ngoma na viti vya watemi, ndani ya jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kinaonyesha nyumba za makabila mbalimbali. Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kwa mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Iringa, ni mfano wa jengo la zamani lililopewa kazi mpya. Mkifika sehemu yoyote, msiishie kwenye maonyesho. Simameni dukani au mlangoni kwa robo saa na mtazame wageni wanashika nini, wanaacha nini, wanauliza nini.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu zetu mnaotuunga mkono, mara nyingi mnapenda kuona duka limejaa kwenye picha ya taarifa. Tunaomba mtuulize maswali mengine. Ulizeni fundi alilipwa lini. Ulizeni ni vitu vingapi vimekaa zaidi ya miezi mitatu. Ulizeni kama fedha ya kuanzishia ilinunua kazi ya kijiji au ilinunua shehena ya mjini. Nasi tunaahidi kuyajibu maswali hayo kwa daftari, hata pale majibu yasipopendeza.

Tunaomba pia msituletee bidhaa za kuuza, hata zikiwa bure. Kila nafasi ya shelfu inayochukuliwa na kitu kutoka mbali ni nafasi aliyoikosa msusi wa jirani. Mkitaka kusaidia, saidieni mtaji wa kununulia kwa fedha taslimu, mafunzo ya mhudumu, au uchapaji wa kijitabu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika makumbusho yetu, au nyumba tunayotaka kuifanya makumbusho, ni kitu gani kimoja ambacho wageni hawakisahau? Ni bidhaa gani inaweza kukiendeleza?
2. Ni mafundi gani walio ndani ya kilomita chache kutoka hapa? Nani kati yetu amewahi kuketi nao wakifanya kazi?
3. Je, kuna mtu anayetudai bidhaa aliyotuachia kwa mali kauli? Tutamlipa lini?
4. Ni kitu gani ambacho kingeuzika sana lakini hatupaswi kukiuza? Kwa nini?
5. Tukiwa na shilingi 300,000 tu, tungenunua nini kwanza, na tungekiweka wapi?

Yule mama mzee bado anasuka, ingawa sasa ni vikapu vidogo kwa sababu ya macho. Mara ya mwisho alipoleta vitano alilipwa mezani, akahesabu fedha mara mbili, akaweka sahihi yake. Kisha akaingia dukani kuangalia tulikoviweka. Alisimama kidogo mbele ya meza ya ususi, akakigeuza kikapu kimoja ili mshono mzuri utazame mlango, akatoka. Tuliacha hivyohivyo alivyokiweka.